Anayeogopa Kukosea Hajifunzi Sayansi

Msikilizaji, iwe umeketi barazani, uko jikoni unageuza chapati, au umo ndani ya daladala unarudi nyumbani, nakuomba dakika chache tumzungumzie kijana wako aliye sekondari. Tuzungumzie fizikia, kemia na baiolojia, lakini tuyaanzie masomo hayo mahali ambapo hatujazoea kuyaanzia, yaani sebuleni kwako.

Niliwahi kufundisha fizikia katika shule ya kutwa. Kuna zoezi dogo la springi ambalo wengi waliopita sekondari wanalikumbuka. Mwanafunzi anatundika springi kwenye stendi, anaweka jiwe la mizani la gramu 50, anapima kwa rula springi imerefuka kiasi gani, anaongeza jingine, anapima tena, mpaka anapata vipimo vitano au sita. Kisha anachora grafu. Mkono wa mtu ukipima, na jicho likisoma rula, nukta za grafu hazikai zote juu ya mstari. Moja inapanda kidogo, nyingine inashuka, na mwanafunzi anachora mstari unaopita katikati yao. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa mimi nilikuwa nafungua madaftari nakuta grafu ambayo nukta zake zote zimelala juu ya mstari, hakuna hata moja iliyotoka nje kwa unene wa ncha ya kalamu. Wanafunzi wana jina la jambo hilo. Wanasema fulani kapika data.

Kwa muda mrefu niliwahesabu hao kuwa wavivu. Siku moja nikamwita binti mmoja wa kidato cha pili, mtaratibu, ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko yote, nikamuuliza kwa sauti ya chini vipimo vyake halisi viko wapi. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Vilikuwamo vyote, vya kweli, vizuri kabisa, vimepishana kidogo kama inavyostahili. Alivificha kwa sababu aliamini kwamba kupishana ni kukosea, na nyumbani kwao kosa lilikuwa na bei. Kila Ijumaa baba yake alizipitia kazi zake za shule, na kila alama ya kosa iliyowekwa na mwalimu ililipiwa kwa fimbo.

Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Michango yote alilipa kwa wakati. Vikao vya wazazi hakukosa hata kimoja. Nilipomweleza habari ya ile karatasi alinisikiliza kimya, kisha akaniambia, "Mwalimu, na mimi nililelewa hivyohivyo, na nimekuwa mtu." Maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi wengi tangu wakati huo, na leo nataka kuyajibu kwa heshima yanayostahili, maana wanaoyasema wanawapenda watoto wao.

Wataalamu wameyachunguza malezi kwa zaidi ya nusu karne. Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alianza katika miaka ya 1960 kuwaangalia wazazi na watoto wao, akawagawa wazazi katika makundi matatu. Kuna anayetawala kwa amri: neno lake ni la mwisho na halina maelezo. Kuna anayeachia: mtoto anajipangia saa ya kulala, saa ya kusoma, na kama atasoma au hatasoma. Na kuna yule anayeweka sheria na kuisimamia, lakini anaeleza sababu yake na kumpa mtoto nafasi ya kusema lililo moyoni. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin wakaliongeza kundi la nne, la mzazi asiyedai chochote kwa mtoto na asiyemsikiliza pia. Yule wa tatu, kwa mazungumzo yetu ya leo, mimi nitamwita mzazi mwenye msimamo na masikio.

Mwaka 1987 Sanford Dornbusch wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wakachapisha utafiti wa wanafunzi wa sekondari wapatao 7,800 wa eneo la San Francisco. Kwa jumla, nyumba za amri tupu zilikwenda pamoja na alama za chini. Nyumba za kuachia nazo hivyohivyo. Nyumba zenye msimamo na masikio ndizo zilizokwenda pamoja na alama za juu. Utafiti ule ulihusu alama za shule kwa ujumla, haukuhusu sayansi peke yake. Lakini mtu aliyesimama mbele ya darasa la fizikia haoni shida kuelewa kwa nini sayansi inaumia kuliko masomo mengine.

Sikiliza. Mtoto aliyelelewa kwa hofu anaweza kukariri vizuri sana. Mpe fasili ya nguvu, mpe fasili ya kani, atakurudishia neno kwa neno, na mpaka kidato cha pili utamwita hodari. Shida inaanza pale swali linapogeuzwa. Ukimuuliza jambo lilelile kwa mfano wa baiskeli inayoteremka mlima, ananyamaza. Anatafuta usoni mwako jibu unalolitaka, kama alivyozoea kulitafuta usoni mwa baba yake. Na sayansi haina uso wa kusomwa. Springi itarefuka inavyorefuka, hata mwalimu mkuu akikasirika. Anayetaka kujifunza kitu kwa springi hana budi kukisia, kupima, kuona amekosea, na kukisia upya bila kutetemeka. Huyo ambaye nyumbani hajaruhusiwa kukosea hata mara moja, uhuru huo ataupata wapi akifika maabara?

Wazee wetu, msikilizaji, walikuwa na shule ya jambo hili, na haikuhitaji maabara. Kumbuka jioni za vitendawili. Bibi anasema "Kitendawili!" na watoto wanaitika "Tega!" Anatega. Mmoja anakisia, siyo. Wa pili anakisia, siyo. Wanazunguka hivyo, kila kisio likiwafundisha kitu, na wakishindwa wote bibi anadai apewe mji. Wanampa Mombasa au Tabora, anasema amekwenda na amefika na amefanya yake huko, kisha anatoa jibu. Aliyekosa hakupigwa wala hakuitwa mjinga. Alitoa mji akasubiri kitendawili kingine kwa hamu. Sijui somo bora zaidi la kumwandaa mtoto kwa fizikia kuliko kukaa katika duara lile. Tumeziacha jioni zile, na mahali pake katika nyumba nyingi kuna televisheni na amri ya kunyamaza.

Na amri hiyo mara nyingi ina fimbo nyuma yake. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Fikiria darasa la watoto 40. Robo tatu ni watoto 30. Hao ndio tunaowaambia wanyooshe mikono na kuuliza maswali.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa Mtanzania ambaye jina lake limo katika vitabu vya fizikia duniani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, kisha wanayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi kwenye friza ilikuwa ndogo, na Mpemba, kwa kuhofia kuikosa, akayaingiza maziwa yake yangali moto. Baada ya kama saa moja na nusu akakuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake yaliyoingia yakiwa baridi bado hayajaganda. Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu zaidi, akauliza tena. Safari hii mwalimu aliligeuza swali kuwa dhihaka, na wanafunzi wenzake wakalishika: kila alipokosea hesabu, wakamwambia hiyo ni ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lilelile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Hakumwambia kwamba ni kweli, wala hakumwambia kwamba ni uongo. Alisema atakwenda kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akalijaribu kweli. Mwaka 1969 likatoka chapisho katika jarida la Kiingereza la elimu ya fizikia, likiwa na majina mawili, Mpemba na Osborne, na la mwanafunzi ndilo la kwanza. Wanasayansi wanalibishania jambo hilo hadi leo; wapo wanaosema halitokei kila mara, wapo wanaosema vipimo vyenyewe vina matatizo. Huo ubishi ni wa heshima, maana swali la kijana wa sekondari limewashughulisha maprofesa kwa zaidi ya miaka 50.

Mimi kila nikiisimulia habari hii huwa nawafikiria wanafunzi wengine wa miaka ile na ya leo, waliojibiwa mara ya kwanza kwamba wamechanganyikiwa, wakakaa chini na hawakusimama tena. Mpemba alikuwa na moyo mgumu. Hatuwezi kuijenga elimu ya taifa kwa kutegemea watoto wenye moyo mgumu peke yao. Na mwanao hukutana na jibu la kwanza nyumbani kabla hajakutana nalo shuleni. Anapokuuliza kwa nini mwezi unamfuata akitembea, wewe ndiye Osborne wake au ndiye yule mwalimu wa kwanza.

Kwa hiyo, mzee aliyeniambia kwamba alilelewa kwa fimbo na akawa mtu, nisingembishia. Ni mtu kweli, tena wa maana. Ningemuuliza tu ni maswali mangapi aliyokwenda nayo shuleni na kurudi nayo bila kuyafungua.

Nisieleweke kwamba dawa ni kumwachia mtoto. Mzazi anayedekeza anaharibu sayansi ya mwanawe kwa njia nyingine, na anaiharibu sawasawa. Masomo haya ni ngazi. Asiyeelewa moli katika kemia ya kidato cha tatu hataweza hesabu za asidi na besi zinazofuata, na moli haieleweki kwa kuisoma mara moja huku simu inalia pembeni. Inataka jioni nyingi, kalamu na karatasi, kukosa na kurudia. Kijana wa miaka 15 anayelala saa saba za usiku na simu mkononi, akiamka saa 11 alfajiri kuwahi shule, huyo hata umpeleke tuisheni tatu atakwenda kusinzia. Saa ya kuiweka simu mezani iwepo, ijulikane, na isibadilishwe kwa machozi.

Kuna jambo ambalo wazazi wenye uwezo hawapendi kulisikia. Kumpeleka mtoto shule ya bweni ya gharama si kulea. Nimewaona wanafunzi siku ya kutembelewa wakiletewa kuku wa kukaanga na sabuni na fedha ya matumizi, na katika saa tatu za mazungumzo swali la masomo likawa moja tu: umekuwa wa ngapi? Na nimemwona mama anayetoka saa tisa usiku kwenda soko la Feri kuchukua samaki wa kuuza, anayerudi amechoka mpaka mifupa, lakini haingii kulala kabla hajamwambia mwanawe, "Hebu nisimulie mmefanya nini leo." Mama huyo hayumo katika lile kundi la nne, la wasiojali, hata kama hana saa mbili za kukaa na mtoto. Umaskini na kutojali ni vitu viwili, na inaumiza sana watu wanapovichanganya.

Tena, dakika zile za mama wa samaki zina uzito kuliko tunavyodhani. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2015, ambao uzito wake mkubwa ulikuwa kwenye sayansi, baadhi ya nchi ziliwahoji pia wazazi. Wanafunzi wa miaka 15 ambao wazazi wao walisema hukaa nao wakazungumza tu, karibu kila siku, walikuwa mbele katika sayansi. Hata baada ya kuondoa tofauti ya kipato na elimu ya wazazi, walikuwa mbele kwa kiasi kinacholingana na theluthi moja ya mwaka wa masomo. Nchi yetu haikuwa katika mtihani ule. Lakini mazungumzo na mtoto hayauzwi dukani, na hakuna nchi iliyokosa fedha ya kuyanunua.

Na vikao vya wazazi? Laurence Steinberg na wenzake, mwaka 1992, walichapisha uchunguzi wa vijana wa Marekani wapatao 6,400 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Walitaka kujua kama mzazi anayejihusisha na shule anamsaidia mtoto. Jibu lao ni kwamba anamsaidia zaidi pale nyumba yenyewe ina msimamo na masikio. Nyumba isipokuwa hivyo, kujihusisha kwake kunazaa kidogo. Niliposoma hilo nilimkumbuka mzee wangu asiyekosa kikao.

Nitakuwa mwongo nikikuambia kwamba malezi ndiyo yote. Shule isiyo na maabara ni shule isiyo na maabara, hata mzazi awe malaika, na mwalimu mmoja wa fizikia kwa shule nzima hawezi kufanya miujiza. Vilevile, alama mbaya humfanya mzazi awe mkali, kwa hiyo ukiona ukali na alama mbaya nyumba moja, usiwe mwepesi wa kusema kipi kimeleta kipi. Hata ule uchunguzi wa Dornbusch haukutoa picha moja kwa kila jamii. Kwa wanafunzi wenye asili ya Asia, wazazi walionekana wakali na watoto walifaulu. Mwaka 1994 mtafiti Ruth Chao akaeleza kwamba ukali wa wazazi wa Kichina ni wa namna nyingine, mzazi yuko karibu sana na mtoto, anamfunza hatua kwa hatua, anajitoa kwa ajili yake. Nilipoyasoma maelezo yake nilisema moyoni, mbona sisi tuna neno la jambo hilo? Kufunda. Somo au kungwi anayemfunda mwari ni mkali, lakini anakaa naye, anaeleza, anarudia, anaonyesha kwa mkono. Ukali wa kufunda una mtu ndani yake. Ukali wa Ijumaa ya fimbo unahesabu makosa na kuondoka.

Najua kuna mzazi ananisikiliza na kusema, mimi niliishia darasa la saba, fizikia ya Kiingereza nitaizungumza vipi? Mama yangu, baba yangu, wewe una kitu ambacho mwalimu hana muda nacho. Mwanao anasoma kwa Kiingereza baada ya miaka ya msingi ya Kiswahili, na Kiingereza hicho kinamruhusu kukariri asichokielewa. Mwambie akueleze kwa Kiswahili alichosoma leo. Akiweza kukueleza mpaka ukaelewa, ameelewa. Akikwama, yeye mwenyewe atajua alipokwama, na kesho ataenda na swali darasani. Kazi hiyo haihitaji cheti.

Na nyumba yako imejaa sayansi. Kwa nini maji ya mtungi wa udongo ni baridi na ya ndoo ya plastiki ni ya vuguvugu, na vyote viko kivulini? Kwa nini unga wa maandazi uliotiwa hamira huumuka haraka siku ya joto? Magadi yanafanya nini kwenye maharage magumu? Kwa nini hatulali na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa? Uliza, mwache akisie, msimame wote mbele ya mtungi. Kama hakuna anayejua, hakuna aibu. Mwambie alipeleke swali shuleni kisha akuletee jibu.

Hapo jikoni pia nina ombi kwa ajili ya mabinti. Katika nyumba nyingi msichana akirudi shule anashika ufagio, ndoo na sufuria, na kaka yake anashika kitabu. Serikali imejenga shule za wasichana za sayansi mikoani, ni jambo jema sana. Lakini binti hafiki huko kama tangu darasa la tano ameambiwa fizikia ni ya wavulana, na kama saa yake ya kusoma inaanza wengine wakishalala. Gawa kazi. Kijana wa kiume aoshe vyombo.

Kwa miaka mingi utaratibu wa shule zetu umekuwa kwamba mwanafunzi akimaliza kidato cha pili anaamua kubaki na fizikia na kemia au kuziacha. Ukiwa na mtoto aliye hapo, usiamue kwa niaba yake, na usimwache aamue peke yake gizani. Kaa naye, muulize anapenda nini, na muulize anaogopa nini.

Yule binti wa karatasi iliyokunjwa aliacha fizikia alipoingia kidato cha tatu. Alama zake zilimruhusu kuendelea. Aliniambia mwenyewe, amesimama mlangoni mwa maabara, kwamba anaipenda, ila katika fizikia makosa ni mengi na Ijumaa haziishi.